Gitaa Lililotaka Kusikika

Mwaka 1928 Maybelle Carter, mwanamke wa miaka 19 kutoka milima ya Virginia, alitoa dola 275 akanunua gitaa. Fedha hizo zilitokana na sahani za santuri ambazo kundi la familia yake, Carter Family, lilianza kuzirekodi mwaka mmoja kabla mjini Bristol, mpakani mwa Tennessee na Virginia. Kwa kiasi hicho angeweza kununua chungu nzima ya magitaa rahisi yaliyokuwa yakiagizwa kwa posta. Yeye alichukua moja tu, Gibson L-5. Halikuwa na tundu la duara katikati, bali mipasuko miwili iliyopinda kama herufi f, na kifua chake hakikuwa bapa. Kilibinuka kama kuba.

Wamarekani huliita gitaa la namna hii achitopu. Aliyewahi kukaa karibu na fidla kwenye taarab hatahitaji maelezo marefu. Kifua na mgongo vimechongwa hadi vikabinuka, matundu ya f yako kushoto na kulia mwa nyuzi, na kidaraja kinachozibeba nyuzi hakikugundishwa popote: kimesimama kwa sababu nyuzi zimekikalia. Zikishavuka hapo, nyuzi huenda kufungwa kwenye mkia wa chuma mwishoni mwa tumbo. Gitaa la kawaida huvutwa kifua na nyuzi zake, achitopu hukandamizwa. Ndiyo maana mlio wake hutoka ghafla, mkavu na wenye makali, kisha hukatika upesi. Anayetafuta gitaa la kujibembeleza nalo usiku wa manane akiwa peke yake atakuwa amekosea duka. Hili lilikua na kukomaa mikononi mwa watu waliopiga huku wamezungukwa na tarumbeta.

Wazo la kuchonga gitaa kama fidla lilikuja na karani wa duka la viatu. Orville Gibson alizaliwa mwaka 1856 huko Chateaugay, kaskazini mwa jimbo la New York, akahamia Kalamazoo, Michigan, ambako useremala wa ala ulianza kama kazi yake ya baada ya kazi. Aliamini kwamba ubao uliokunjwa kwa nguvu hubaki na kinyongo, haupo huru kutetemeka. Basi hakukunja, alichonga. Hata mbavu za mandolini zake alizikata kutoka kipande kimoja cha mti, na kwa hilo akapewa hataza ya Marekani tarehe 1 Februari 1898. Waliokuja baada yake waliitupa nadharia hiyo ya mbavu, na walikuwa na haki: inakula mti mwingi na kukata mishipa ya ubao mahali pabaya. Kifua cha kuchonga hawakukitupa. Mwaka 1902 wafanyabiashara watano wa mji huo waliunda kampuni yenye jina lake na kumlipa dola 2,500 kwa hataza ile. Alifariki mwaka 1918, kabla gitaa la Gibson halijapata sura ambayo dunia ingeikumbuka.

Sura hiyo ililetwa na Lloyd Loar. Alikuwa mpigaji mandolini wa jukwaani na mtaalamu wa elimu ya sauti, aliyeingia kampuni ya Gibson mwaka 1919. L-5 ilipotoka mwaka 1922, ilikuwa gitaa la kwanza la kampuni hiyo kuwa na matundu ya f. Shingo yake ilikutana na tumbo kwenye freti ya 14, hivyo vidole vilifika juu zaidi bila kubanana. Ndani ya shingo mlikuwa na fimbo ya chuma inayoweza kukazwa na kulegezwa, uvumbuzi wa fundi wa kiwandani humo, Thaddeus McHugh, ili mvuto wa nyuzi usiikunje shingo. Kidaraja nacho kilipandishwa na kushushwa kwa skrubu. Loar aliyapima magitaa hayo na kutia saini kwenye lebo iliyobandikwa ndani ya tumbo; leo karatasi hiyo ndogo ndiyo kitu cha kwanza ambacho mnunuzi huchungulia akiwa na tochi mkononi. Aliondoka mwishoni mwa mwaka 1924. Achitopu ya f haikuwa imewashika watu bado.

Hapa inafaa kuingia karakana na kuona gitaa hili linavyozaliwa, kwa sababu bei yake, uzuri wake na hata kushindwa kwake vyote vimo humo.

Fundi huanza na sprusi, mti mwepesi wa nchi za baridi, wenye mishipa iliyonyooka na kubanana. Kipande kinene hupasuliwa katikati, nusu mbili zikafunuliwa kama kurasa za kitabu, kisha zikagundishwa ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo mistari ya mti upande wa kushoto ni kioo cha ule wa kulia. Mgongo, mbavu na shingo ni vya mepo, mti mgumu unaothaminiwa hasa ukiwa na mawimbi yanayometameta kama maji yaliyopigwa na jua. Ubao wa vidole ni wa eboni, mti mweusi wa nchi za joto. Eboni hiyo si mpingo wetu, ingawa wengi huzichanganya. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji una sifa yake katika bendi hizohizo, mikononi mwa wapuliza klarineti.

Kisha patasi. Fundi huchonga kifua upande wa nje mpaka kuba ikae sawa, halafu hukigeuza na kuchimba upande wa ndani. Mwishoni hushika randa za shaba ndogo kiasi cha kuenea ncha za vidole. Katikati, chini ya kidaraja, ubao huachwa na unene wa milimita 6 hivi. Ukielekea ukingoni hupunguzwa hadi karibu na milimita 3, ili kifua kiweze kupumua. Sehemu kubwa ya mti huishia sakafuni kama maranda. Hakuna kipimo kinachotosha, maana mbao mbili za mti mmoja hazifanani. Fundi hushika ubao kwa vidole viwili, huugonga kwa kifundo cha kidole, husikiliza, hupunguza kidogo, hugonga tena. Akikosea kwa milimita moja upande wa kubakiza, gitaa litakuwa bubu. Akikosea upande wa kupunguza, kifua kitazama chini ya uzito wa nyuzi baada ya miaka michache.

Chini ya kifua hugundishwa miti miwili ya kukiimarisha. Ikisimama sambamba, sauti hutoka kali na kwenda mbali. Ikipishana kama herufi X, hulainika na kupanuka. Mbavu hulowekwa na kukunjwa juu ya chuma cha moto. Gundi ya jadi ilikuwa ile ya ngozi ya wanyama, ambayo hupashwa moto ili ipakwe, na hupashwa tena siku ambayo fundi mwingine atahitaji kulifungua gitaa alitengeneze.

Nani alihitaji taabu yote hiyo? Katika bendi za dansi za miaka ya 1920, mdundo wa kati ulishikwa na banjo, ala ya ngozi yenye sauti ya kupasua masikio. Gitaa la kawaida halikusikika kabisa. Mambo yalianza kubadilika kuanzia mwaka 1925, studio zilipoanza kurekodi kwa maikrofoni ya umeme, na masikio ya watu yakachoka na kelele za banjo. Mtu aliyewashawishi wapigaji kubadili ala alikuwa Eddie Lang wa Philadelphia, jina lake halisi Salvatore Massaro, mtoto wa familia ya Kiitaliano. Akiwa na L-5 alionyesha kwamba gitaa linaweza kusukuma bendi na pia kuzungumza peke yake. Miaka ya 1928 na 1929 alirekodi na Lonnie Johnson, mpigaji Mweusi. Katika Marekani ya wakati ule, Mzungu na Mweusi kuandikwa pamoja kwenye lebo lilikuwa jambo zito, kwa hiyo Lang akaitwa Blind Willie Dunn. Alifariki mwaka 1933 baada ya upasuaji wa tonsili, akiwa na miaka 30.

Kutoka hapo kikaja kitu ambacho kinaweza kuitwa vita vya inchi. Bendi zilikuwa zinaongeza tarumbeta na saksofoni, na jibu la watengenezaji lilikuwa moja tu: tumbo pana zaidi. L-5 ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 16. Mwaka 1931 Epiphone ya New York, kampuni ya familia ya Kigiriki ya Stathopoulo, ilitoa safu nzima ya achitopu kwa mpigo, na kinara wa safu hiyo akaipita L-5 kwa theluthi ya inchi na kitu. Gibson ikajibu kwa kuipanua L-5 hadi inchi 17, na mwaka 1934 ikazindua Super 400 yenye inchi 18. Namba katika jina ilikuwa bei: dola 400, katikati ya mdororo wa uchumi, wakati gari jipya la Ford lilianzia dola mia tano hivi. Epiphone ikaja na Emperor, inchi 18 na nusu. Huko Boston, Elmer Stromberg, aliyefanya kazi na baba yake Charles, mhamiaji kutoka Sweden, alimaliza ubishi kwa gitaa la inchi 19, karibu sentimita 48. Mtu mfupi akilipakata, mkono wa kulia hukosa pa kupita.

Yote hayo hayakuwa majigambo matupu, ingawa Super 400 kwa maoni ya mwandishi huyu imevaa mapambo mengi kuliko sauti yake inavyostahili. Stromberg alikuwa na mteja wa kuthibitisha hoja yake. Freddie Green alijiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kubaki nayo mpaka alipofariki mwaka 1987, nusu karne ya kupiga mdundo bila spika, mapigo manne kwa kila baa, nyuzi zikiwa zimeinuliwa juu kiasi cha kuwatesa wengine vidole. Katika rekodi hasikiki kama gitaa. Anasikika kama mfupa unaoishikilia bendi.

Lakini moyo wa ufundi huu haukuwa kiwandani. Ulikuwa kwenye duka dogo la Mtaa wa Kenmare namba 40, katika Little Italy ya Manhattan, ambalo John D'Angelico alilifungua mwaka 1932. Alizaliwa jijini humo mwaka 1905, na akiwa na miaka tisa tayari alikuwa mwanagenzi wa babu yake mdogo, Raphael Ciani, aliyetengeneza fidla, mandolini na magitaa kwa jadi ya Kiitaliano. Mzee huyo alipofariki, kijana aliachiwa kusimamia mafundi wenzake. Kazi ya unyapara hakuipenda. Alitaka kuchonga.

Achitopu zake za mwanzo zinaiga L-5 waziwazi. Miaka michache tu baadaye, L-5 ndiyo iliyokuwa ikilinganishwa na zake. Mteja alikuja dukani, akaeleza muziki anaopiga na bendi anayopigia, na shingo ikachongwa kwa kufuata kiganja chake. Mpiga mdundo alipewa kifua cha kupenya. Mpiga melodi akapewa cha utamu. Aina mbili zilizobeba jina lake zaidi ni Excel ya inchi 17 na New Yorker ya inchi 18, ambayo kichwani ilinakshiwa jengo refu la ghorofa, kama lile ambalo mtu angeliona akitoka nje ya duka na kuinua macho. Hata mwaka aliofanya kazi nyingi kuliko yote, yeye na wasaidizi wake hawakuvuka magitaa 35 hivi. Daftari zake zinahesabu magitaa 1,164 kwa maisha yake yote.

Wakati daftari hizo zikiendelea kujaa, waya ulikuwa umeshaingia ndani ya gitaa. Mwaka 1936 Gibson ilitoa ES-150, achitopu iliyofungwa kinasa sauti cha sumaku chini ya nyuzi. Namba ya jina, kwa mara nyingine, ilidokeza bei. Mwaka 1939 kijana kutoka Oklahoma, Charlie Christian, aliingia nalo kwenye kundi la Benny Goodman na kupiga solo kama mpuliza saksofoni, akisikika mpaka mlango wa nyuma. Alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Miaka mitatu hiyo ilitosha. Ukumbi ambao Stromberg aliujibu kwa inchi 19 za mepo na sprusi, sasa ulijibiwa kwa kugeuza kitufe cha spika. Lloyd Loar mwenyewe aliliona hilo mapema: mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Vivi-Tone, iliyojaribu ala za umeme, bila mafanikio ya kibiashara.

Na hapo ubora wa achitopu ukageuka kuwa ila. Kifua kilichochongwa ili kiitikie kila mtikisiko kiliitikia pia sauti ya spika iliyokuwa mbele yake, na gitaa likapiga yowe. Mnamo mwaka 1941 mpigaji Les Paul aliomba kutumia kiwanda cha Epiphone mwishoni mwa juma, kikiwa kimefungwa. Alichukua gogo la msonobari lenye upana wa inchi nne, akalifunga nyuzi na kinasa sauti. Lililia vizuri bila yowe, ila watazamaji hawakujua anapiga nini. Basi akalipasua achitopu la Epiphone katikati na kuzibandika nusu zake kushoto na kulia kwa gogo, kama mabawa. Sauti haikubadilika, sura ndiyo iliyowaridhisha watu. Hakuna picha inayoeleza hatima ya ufundi huu kuliko hiyo: kifua kilichogharimu wiki za patasi na masikio kimekuwa vazi la gogo.

Gibson nayo ilisoma alama za nyakati. ES-175 ya mwaka 1949 ilikuwa na umbo la achitopu, lakini kifua chake kilikuwa cha mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa kwenye kalibu. Kilikuwa kigumu, cha bei nafuu, na hakikupiga yowe ovyo. Ndiyo ikawa sauti ya jazi kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1952 kampuni ilipotoa gitaa zito lisilo na tumbo lenye jina la Les Paul, juu yake iliweka ubao wa mepo uliochongwa ukabinuka. Ubinukaji huo haukuwa na kazi yoyote ya kupaza sauti. Ulikuwa kumbukumbu ya familia. Mwaka 1957 wamiliki wa Gibson waliinunua Epiphone, mpinzani wa vile vita vya inchi, kwa dola 20,000.

Stromberg baba na mwana walifariki mwaka mmoja, 1955, wakiwa wametengeneza magitaa 640 hivi. D'Angelico alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 59. Mwanagenzi wake, Jimmy D'Aquisto, aliyeingia dukani mwaka 1952 kwa dola 35 kwa wiki, alimalizia magitaa kumi yaliyobaki mezani, kisha akalinunua duka. Kwa miaka mingi alichonga kama mwalimu wake alivyochonga. Baadaye akathubutu: akaung'oa mkia wa chuma na kuweka wa eboni, akayanyoosha matundu ya f, akapunguza mapambo mpaka mti wenyewe ukabaki kuwa pambo. Wakati huo hapakuwa na bendi kubwa za kushindana nazo, na kwa mara ya kwanza achitopu ilichongwa bila hofu ya kufunikwa. Pengine ndiyo sababu magitaa yake ya mwisho yana upole ambao ya zamani hayana. Yeye pia alifariki akiwa na miaka 59, mwaka 1995.

Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amempa mkusanyaji Scott Chinery gitaa lililopakwa rangi ya buluu. Chinery akawaagiza mafundi wengine zaidi ya 20 kila mmoja amchongee achitopu la inchi 18 la rangi hiyohiyo, na mwaka 1997 makumbusho ya Smithsonian yakayaonyesha. Miongoni mwa mafundi hao alikuwa Bob Benedetto, ambaye aliwahi kwenda kununua mbao za msonobari za ujenzi, zenye vifundo vyake, akazichonga zikawa achitopu linalolia vizuri. Alitaka kuwanyamazisha wanaodhani siri iko kwenye sprusi ya kale. Kwa wauzaji wa mbao za bei ya dhahabu, hiyo haikuwa habari njema.

Magitaa ya zamani yenyewe yana adui asiyetarajiwa. Seluloidi, ile plastiki ya mwanzo iliyotumika kwa kingo na mabamba ya kukinga kifua, huoza yenyewe baada ya miaka mingi na kutoa mvuke unaokula chuma na kuunguza vanishi. Zipo New Yorker ambazo mbao zake ni nzima kabisa huku bamba likimeguka kama biskuti. Mwenye gitaa kama hilo na alifungue sanduku mara kwa mara lipate hewa, na bamba likianza kutoa harufu kali, aliondoe siku hiyohiyo.

L-5 ya Maybelle Carter haikupata msiba huo. Alilipiga kwa karibu nusu karne, mpaka alipofariki mwaka 1978, na sasa liko katika jumba la makumbusho la Country Music Hall of Fame mjini Nashville. Gogo la Les Paul, pamoja na yale mabawa yake ya achitopu, limehifadhiwa katika jumba hilohilo.